Mawingu na saa za jua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kulinganisha miji

Wanaouliza maswali haya wana sababu zao. Kuna anayetaka kuhamia mji mwingine na amechoka kuishi chini ya anga la kijivu. Mwingine anapanga kufunga paneli za sola, mwingine ni mpiga picha, na mwingine anatafuta tu mwezi mzuri wa safari. Wengi huanza kwa kutafuta tarakimu moja itakayowaambia mji upi una jua zaidi. Tarakimu hiyo ipo, lakini ukiishika peke yake itakupotosha, na sehemu kubwa ya majibu haya inaeleza ni kwa nini.

Mji ukiwa na mawingu asilimia 60, si ina maana jua ni asilimia 40?

Hapana. Hili ndilo kosa linalofanywa na watu wengi zaidi, na ni rahisi kulielewa: tumezoea kuona wingu na jua kama sahani mbili za mizani moja. Vipimo vyenyewe haviendi hivyo.

Kwanza, mawingu huhesabiwa mchana na usiku, jua huhesabiwa mchana tu. Mji unaofunikwa na mawingu usiku kucha hadi asubuhi, kisha anga likafunguka ifikapo saa nne, unaweza kuwa na wastani wa mawingu sawasawa na mji wenye usiku wa nyota na alasiri za ngurumo. Lakini mchana wa miji hiyo miwili haufanani hata kidogo.

Pili, wingu na wingu si sawa. Yale mawingu membamba ya juu sana, yanayofanana na pamba iliyochambuliwa, yanaweza kutanda anga lote na bado ukakiona kivuli chako ardhini. Mtazamaji wa mawingu ataandika kwamba anga limefunikwa lote. Kifaa cha kupima jua kitaandika kwamba jua limewaka. Wote wawili wako sahihi.

Tatu, kuna suala la pembe. Mawingu yanayopanda juu kama minara hulikinga jua kwa ubavu linapokuwa chini, asubuhi au jioni. Nusu ya anga inaweza kuwa wazi juu ya utosi wako huku jua lenyewe limejificha nyuma ya mnara mmoja baada ya mwingine.

Kiasi cha mawingu hupimwaje?

Kwa kipimo kiitwacho okta. Mtazamaji hulichukua anga zima, upeo hadi upeo, na kuligawanya kichwani katika sehemu nane, kisha anakadiria ni thumuni ngapi zimefunikwa. Sifuri ni anga safi kabisa, nne ni nusu, nane ni anga lililofunikwa lote bila upenyo. Ipo pia tarakimu ya 9, inayotumika pale anga lisipoonekana kabisa, kwa mfano kwenye ukungu mzito. Katika ripoti za viwanja vya ndege, okta 1 na 2 ni mawingu machache, 3 na 4 ni mawingu yaliyotawanyika, 5 hadi 7 ni mawingu mengi yenye matundu, na 8 ni kutanda kabisa.

Ukikutana na asilimia kwenye programu ya simu, ujue ni hesabu ileile iliyobadilishiwa vazi, au imetoka kwenye setilaiti au kompyuta ya utabiri. Okta 5 ni kama asilimia 62. Ila usiiamini sana tarakimu ya mwisho: jicho la mtu haliwezi kutofautisha asilimia 62 na 66.

Jicho lina upungufu mwingine pia. Karibu na upeo wa macho tunayaona mawingu kwa ubavu, yamebanana kama miti ya msitu unaoutazama kwa mbali, kwa hiyo watazamaji huelekea kuhesabu mawingu mengi kuliko yaliyopo.

Saa moja ya jua ni nini hasa?

Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) limeweka mpaka ulio wazi: jua linahesabiwa kuwa limewaka pale mwanga wake wa moja kwa moja unapozidi wati 120 kwa kila mita ya mraba, ukipimwa kuelekea jua lenyewe. Huo si mwanga mkali. Adhuhuri ya anga safi mwanga unaofika ardhini hukaribia wati 1,000 kwa mita ya mraba. Kwa hiyo wati 120 ni kama jua dogo muda mfupi baada ya kuchomoza, au jua linalopenya wingu jembamba. Kwa lugha ya mtaani: ukiona kivuli chako kina ukingo unaotambulika, hilo ni jua.

Dakika zote zilizovuka mpaka huo hujumlishwa, na hapo ndipo hupatikana saa za jua za siku, mwezi na mwaka.

Vifaa gani hutumika, na vinaweza kukosea?

Cha zamani kinachojulikana zaidi ni kile cha tufe la kioo. John Francis Campbell wa Scotland alikibuni mwaka 1853, na mwaka 1879 George Gabriel Stokes akakiboresha. Tufe linakusanya miale ya jua na kuchoma mstari kwenye kadi iliyowekwa nyuma yake. Jioni mtu huitoa kadi na kupima urefu wa mstari ulioungua. Nakipenda sana kifaa hiki, kwa sababu jua lenyewe ndilo linaloandika shajara yake, bila umeme wala betri.

Ila kina tabia zake. Siku ya mawingu yanayopitapita, kila jua linapotokeza kidogo huunguza kadi kupita kiasi, na alama hizo fupi huungana zikaonekana kama mstari mmoja mrefu. Siku hiyo jua huhesabiwa zaidi ya lilivyowaka. Asubuhi yenye umande au theluji juu ya kioo, jua huhesabiwa pungufu. Na kadi ikiwa na unyevu inahitaji jua kali zaidi ili iungue.

Vifaa vya kielektroniki vimechukua nafasi yake katika nchi nyingi, na hapo ndipo shida ya mlinganishaji inapoanza. Mji mmoja unaweza kuonekana "umepoteza" jua kwa sababu tu kifaa kimebadilishwa.

Mbona mji uleule una tarakimu tatu tofauti kwenye tovuti tatu?

Angalia mambo haya kabla ya kumlaumu mtu yeyote: miaka iliyotumika, mahali pa kituo, na chanzo.

Wastani rasmi wa hali ya hewa huchukua miaka 30, na wa sasa ni wa 1991 hadi 2020. Lakini miji mingi ya Marekani bado inaonyesha saa za jua za miaka ya 1961 hadi 1990, kwa sababu vituo vilipofanywa vya kujiendesha, vipimo vya jua vilisimama katika sehemu nyingi. Kituo nacho huenda kiko uwanja wa ndege ulio kando ya bahari, ilhali mji wenyewe uko ng'ambo ya kilima. Kuhusu chanzo, tovuti nyingi hazipimi kitu. Hukokotoa saa za jua kutoka kwenye asilimia ya mawingu ya kompyuta. Ukikuta tovuti haitaji miaka wala kituo, mimi nakushauri uiache.

Nitumie saa za jua au asilimia ya jua linalowezekana?

Inategemea unauliza nini. Hesabu ya jumla kwanza: mwaka una saa 8,760, na kila mahali duniani, iwe ikweta au karibu na ncha, mchana huchukua takriban nusu yake, saa 4,380 na ushei. Tofauti ni jinsi saa hizo zinavyogawanywa. Karibu na ikweta kila siku hupata kama saa 12. Kaskazini ya mbali, Juni hupata karibu zote na Desemba karibu hakuna.

Kwa hiyo ukitaka kujua mawingu ya mji yanalizuia jua kiasi gani, tumia asilimia: saa zilizopimwa, gawanya kwa saa za mchana. Ukitaka kujua utaishi vipi huko, tumia saa zenyewe. Reykjavik mwezi Desemba hupata jua la saa 10 hadi 15 hivi kwa mwezi mzima. Mawingu yana mchango, lakini hata anga lingekuwa safi kama kioo, mchana wenyewe ni mfupi mno. Asilimia ingekuficha jambo hilo.

Mji wenye mvua nyingi ndio wenye mawingu mengi?

Hapa ndipo watu hushangaa zaidi, na ningependa tukae kidogo.

Linganisha London na Miami. London, yenye sifa ya mvua duniani kote, hupata kama milimita 600 kwa mwaka. Miami hupata zaidi ya 1,500. Ukiishia hapo utasema Miami ndiyo ya kijivu. Sasa tazama jua: London hupata kama saa 1,600 hadi 1,700 kwa mwaka, Miami hupita 3,000. Mvua zaidi ya mara mbili, na jua karibu mara mbili.

Kinacholeta hali hiyo ni aina ya wingu. Mvua ya Miami hutoka kwenye mawingu marefu yanayojengeka kwa joto la mchana. Yanapanda, yanamwaga kwa saa moja au mbili kama ndoo iliyopinduliwa, kisha yanaisha na jua linarudi. London hupata mawingu ya tabaka kutoka Bahari ya Atlantiki, mapana, ya chini, yenye manyunyu kidogo au hata bila tone, na yanaweza kukaa siku tatu.

Mfano ulio mkali kuliko huo ni Lima. Mji mkuu wa Peru umejengwa jangwani. Mvua yake ya mwaka mzima ni milimita chache tu. Ungetegemea jua la jangwa. Badala yake hupata kama saa 1,230 kwa mwaka, chini ya London. Mwezi Julai na Agosti wastani ni kama saa 30 kwa mwezi, yaani chini ya saa moja ya jua kwa siku, na hiyo ni nyuzi 12 tu kusini mwa ikweta. Mkondo baridi wa Humboldt hupoza hewa iliyo juu ya maji, hewa ya joto hukaa juu yake kama kifuniko cha sufuria, na katikati hutanda tabaka la wingu lisilo na nguvu ya kunyesha. Watu wa huko wana neno lao kwa manyunyu yake mepesi: *garúa*.

Kwa hiyo milimita za mvua hazikuambii habari za jua. Idadi ya siku za mvua inasaidia zaidi kidogo. Seattle hupata mvua pungufu kuliko New York kwa milimita, lakini siku zake za mvua ni nyingi zaidi na jua lake ni dogo zaidi.

Miji gani ina jua jingi zaidi, na ipi kidogo zaidi?

Upande wa jua jingi, Yuma katika jimbo la Arizona hupata kama saa 4,000 kwa mwaka, takriban asilimia 90 ya jua lote linalowezekana. Phoenix na Aswan huwa juu ya 3,800. Yote ni maeneo ya jangwa, ambako hewa inashuka kutoka juu, inapashwa joto inaposhuka, na mawingu hayapati nafasi ya kujengeka.

Upande wa pili, Tórshavn katika Visiwa vya Faroe ina kama saa 840. Chongqing na Chengdu huko Uchina huzunguka saa 1,000, na hizi hunivutia zaidi kwa kuwa hazipo kaskazini ya mbali. Ziko katika bonde kubwa la Sichuan lililozungukwa na milima, ambamo hewa yenye unyevu hunaswa na kutuama. Wachina wana msemo wa kale kuhusu eneo hilo, lililoitwa Shu zamani: mbwa wa Shu hulibwekea jua. Wamelizoea wingu kiasi kwamba jua likitokeza wanaliona mgeni.

Inakuwaje miji miwili jirani itofautiane sana?

Mlima ukiwa katikati, au bahari baridi ikiwa upande mmoja, umbali wa kilomita hauna maana tena. Japani ndiyo darasa bora. Majira ya baridi, upepo kutoka Siberia hupita juu ya Bahari ya Japani, huchota unyevu, na kuumwaga kama theluji kwenye pwani ya magharibi. Upepo huo ukishavuka milima hushuka ukiwa mkavu. Niigata upande wa magharibi hupata chini ya saa 60 za jua mwezi Januari. Tokyo, mashariki ya milima hiyohiyo, hupata kama 190.

Kisiwa cha Tenerife kinaonyesha jambo hilohilo kwa wima. Pepo za kaskazini-mashariki husukuma mawingu kwenye mteremko wa kaskazini na kuyakusanya hapo, wakati kusini kumekauka. Ukizidi kupanda unayapita mawingu yenyewe. Kituo cha Izaña, kwenye mita 2,370 hivi, hutazama bahari ya mawingu kwa chini na hupata zaidi ya saa 3,400 za jua kwa mwaka.

Na San Francisco, mtaa na mtaa hutofautiana. Ukungu wa bahari huingia kiangazi, hukalia upande wa magharibi, na vilima huuzuia usifike mashariki. Mwenye kuhamia huko asiulize jua la mji, aulize jua la mtaa.

Nilinganishe mwaka mzima au mwezi kwa mwezi?

Mwezi kwa mwezi, daima. Chukua Paris na Tokyo. Kwa mwaka, Paris ina kama saa 1,700 na Tokyo kama 1,900. Tofauti ndogo, mtu atasema ni miji ya aina moja. Fungua Januari: Paris kama 60, Tokyo kama 190. Fungua Julai: Paris kama 210, Tokyo kama 150. Mambo yamegeuka juu chini.

Ukigawanya kwa saa za mchana utaelewa zaidi. Januari, Paris hupata kama asilimia 22 ya jua linalowezekana na Tokyo kama 61. Julai, Paris kama 44 na Tokyo kama 34. Tokyo huwa na msimu wa mvua kuanzia Juni, na anga safi wakati wa baridi kwa sababu ya ile milima. Paris hupata tabaka za chini za Atlantiki zikikutana na siku fupi. Anayelemewa moyoni na majira ya giza angekosea sana kuchagua kwa tarakimu ya mwaka.

Ukiweza, shuka hadi saa ya siku. Ukanda wa tropiki una mahali pengi ambapo asubuhi ni safi na mawingu hujengeka baada ya saa nane mchana. Pwani zenye maji baridi huwa kinyume: asubuhi imefunikwa, alasiri imefunguka. Mtu anayefanya kazi ndani hadi jioni na mtu anayekimbia alfajiri wanaishi katika hali mbili tofauti za hewa kwenye mji mmoja.

Tangazo linasema mji una "siku 300 za jua". Niamini?

Uliza kwanza siku ya jua ni nini. Jua likitokeza dakika tano, imehesabiwa? Denver imesifiwa hivyo kwa muda mrefu, lakini rekodi za hali ya hewa zinaonyesha siku zenye anga safi ni takriban 115 kwa mwaka, na nyingine kama 130 ni za mawingu kiasi. Denver ni mji wenye jua, hilo halina ubishi. Ila "siku ya jua" si kipimo cha kisayansi, na miji miwili inayojitangaza kwa siku hizo huenda inahesabu kwa kanuni mbili tofauti. Tafuta saa.

Utabiri ukisema "mawingu kiasi na vipindi vya jua", tofauti na "vipindi vya jua na mawingu kiasi" ni nini?

Kwa kawaida kinachotajwa kwanza ndicho kinachotawala, lakini kila idara ya hali ya hewa ina mipaka yake ya okta. Usilinganishe miji ya nchi mbili kwa maneno ya utabiri.

Setilaiti haziwezi kumaliza ubishi huu wote?

Zimesaidia mno. Zinaona bahari na jangwa ambako hakuna kituo, kwa jicho lilelile kila mahali. Ni kwa vifaa vilivyorushwa na setilaiti za Terra na Aqua ndipo tunajua kwamba, kwa wastani, kama theluthi mbili ya dunia imefunikwa na mawingu wakati wowote: takriban asilimia 72 juu ya bahari na 55 juu ya nchi kavu. Kwa kuulinganisha mji wa bara moja na wa bara jingine, ningeanza na setilaiti.

Lakini nayo hutazama kutoka juu. Theluji iliyolala ardhini inaweza kuonekana kama wingu. Mawingu membamba sana hupita bila kuonekana, na kipande kimoja cha picha kinaweza kufunika kilomita nzima, ambamo mawingu madogo na matundu yake huchanganywa pamoja. Setilaiti zinazozunguka ncha hadi ncha hupita juu ya mji kwa saa zilezile, kwa hiyo wingu linalopenda kuja alasiri tu linaweza kuhesabiwa vibaya.

Vituo vya ardhini vya kujiendesha vina kasoro iliyo kinyume. Vile vya viwanja vya ndege vya Marekani hupima mawingu kwa leza inayoelekezwa juu moja kwa moja, na husoma hadi mita 3,700 hivi. Wingu la juu zaidi ya hapo halipo kwake. Huandika anga safi. Kwa rubani anayetua inatosha. Kwa mlinganishaji wa jua, rekodi ya mtazamaji wa mwaka 1975 na ya leza ya mwaka 2015 ni vitu viwili.

Nataka kufunga paneli. Saa za jua zinanitosha?

Hazitoshi, na hapa kosa lina gharama. Saa ya jua dogo la asubuhi huhesabiwa sawa na saa ya jua la utosini, ilhali nishati yake ni sehemu ndogo tu. Tena, siku ambayo mawingu yamelificha jua kutwa huandikwa sifuri kwenye saa za jua lakini paneli hupokea mwanga uliotawanyika na kuendelea kuzalisha.

Tafuta kilowati-saa kwa mita ya mraba kwa mwaka. Singapore ina kama saa 2,000 za jua, Paris 1,700. Ukienda kwa saa, Singapore inazidi kwa chini ya asilimia 20. Ukienda kwa nishati inayofika kwenye uso ulio bapa, Singapore huwa na kama kilowati-saa 1,600 na Paris kama 1,150, na hapo tofauti inakaribia asilimia 40. Jua la Singapore husimama juu. La Paris hulala.

Jambo moja dogo linalofurahisha: mawingu ya mafungu yanapolizunguka jua bila kulifunika, kingo zake huakisi mwanga, na kwa dakika kadhaa paneli hupokea zaidi ya siku ya anga safi.

Moshi na vumbi huhesabiwa kama mawingu?

Kwenye okta, kwa kawaida hapana. Kwenye saa za jua, athari yake ipo. Utusitusi mzito unaweza kuushusha mwanga chini ya wati 120 bila wingu hata moja, hasa jua likiwa chini. London ya zama za makaa ya mawe ilipoteza jua jingi la majira ya baridi kwa moshi. Baada ya moshi ule wa maafa wa Desemba 1952 na sheria ya hewa safi ya mwaka 1956, jua la katikati ya mji liliongezeka.

Jambo hilo lilionekana pia kwa mapana. Kati ya miaka ya 1950 na 1980 vituo vingi duniani vilirekodi mwanga ukipungua, kisha Ulaya na kwingineko ukaanza kupanda tena hewa iliposafishwa. Ndiyo sababu wastani wa 1961 hadi 1990 usiwekwe kando ya wastani wa 1991 hadi 2020 kana kwamba ni kitu kimoja.

Na milima au majengo yanayokinga jua?

Vituo huchaguliwa mahali pa wazi, kwa hiyo tarakimu haijui lolote kuhusu dirisha lako. Mji wa Rjukan nchini Norwei uko kwenye bonde lenye kina kirefu kiasi kwamba jua haliufikii mji kwa karibu nusu mwaka, hata anga likiwa safi. Mwaka 2013 waliweka vioo vikubwa mlimani ili kurusha jua kwenye uwanja wa mji. Kabla ya kupanga nyumba, nenda uitazame saa sita mchana, tena katika majira ya jua la chini.

Siku ya mawingu ngozi inaweza kuungua?

Ndiyo. Mawingu mepesi hupitisha sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno. Usitumie asilimia ya mawingu kuamua juu ya kinga. Tumia kipimo cha miale hiyo chenyewe.

Nina dakika kumi tu. Nifanye nini?

Andika saa za jua za kila mwezi za miji yote miwili, ukihakikisha miaka ni ileile na chanzo ni idara ya hali ya hewa. Gawanya kila mwezi kwa idadi ya siku upate saa kwa siku. Wastani wa "saa mbili kwa siku mwezi Januari" unaeleweka mwilini kuliko "saa 62". Weka alama kwenye mwezi mbaya kuliko yote wa kila mji, kwa sababu huo ndio utakaoukumbuka. Kisha angalia siku za mvua, usiangalie milimita. Muda ukibaki, tazama picha za kamera za mtandaoni za mji huo kwa siku kadhaa, asubuhi na alasiri.

Naweza kupima mwenyewe nikiwa ugenini kwa wiki moja?

Unaweza, na nakusihi ufanye hivyo, hata kama wiki moja haikupi tabia ya nchi. Chora duara kwenye daftari na uligawe vipande vinane. Mara tatu kwa siku, saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri, simama mahali unapoona anga kubwa, geuka pande zote, na upake rangi vipande vilivyofunikwa. Kando yake andika kama kivuli chako kina ukingo au hakina. Siku ya tatu au ya nne utapata duara lililopakwa rangi yote, nane kwa nane, na pembeni umeandika: kivuli kipo.